Urais wa chuo kidogo cha Marekani: fungua daftari kabla ya kukubali kiti

Swali: Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nimefundisha kemia kwa miaka 16 katika chuo kidogo cha sanaa huria huku Marekani, Magharibi ya Kati. Miaka mitatu ya mwisho nimekuwa naibu wa mkuu wa taaluma. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kampuni inayosaka viongozi wa vyuo, ikaniuliza kama jina langu liingizwe kwenye orodha ya wanaofikiriwa kuwa rais wa chuo kimoja chenye wanafunzi wapatao 1,300. Nimefurahi, na nimeogopa. Njia ya kufika pale ikoje? Kazi yenyewe ni ipi hasa? Na nitajuaje kama chuo hicho ni kizima au kinaumwa?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa simu hiyo. Umeuliza matatu, nitaanza na la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linaloamua kama mawili ya kwanza yana maana. Wako wasomi hodari waliopokea urais wakiwa wamejiandaa kuzungumzia falsafa ya elimu, kisha wakagundua kabla ya Krismasi ya kwanza kwamba fedha za mishahara ya masika hazipo. Mara nyingi taarifa hizo zilikuwepo kwenye makaratasi ambayo hawakuyaomba. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vyuo hivi ni mali ya watu wengi.

Kwa ajili ya wasomaji walio nyumbani, niseme kwanza ni vyuo vya aina gani. Ni vyuo vinavyofundisha hasa shahada ya kwanza, vingi vina wanafunzi kati ya 800 na 2,500, wanaolala chuoni, darasa moja likiwa na watu 15 au 20. Mwanafunzi wa kemia husoma pia historia, ushairi na lugha. Williams kilianzishwa 1793, Amherst 1821, Oberlin 1833. Williams, Amherst na Swarthmore vina mifuko ya wakfu, yaani fedha zilizowekezwa ili chuo kiishi kwa faida yake, inayozidi dola bilioni 2 kila kimoja, na ukivitazama hivyo peke yake unaweza kudhani aina hii yote ya chuo ni ya matajiri. Sivyo. Vilivyo vingi vinaishi kwa ada ya mwaka huu, na mwaka ujao vinaanza upya.

Kwa hiyo namba mbili ndizo za kuzijua kwanza: wanafunzi wapya wangapi waliingia kila Septemba kwa miaka mitano iliyopita, na kila mmoja alilipa kiasi gani kweli. Nasema kweli kwa sababu ada iliyoandikwa kwenye tovuti hulipwa na wachache sana. Katika vyuo binafsi visivyo vya faida, punguzo la wastani kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza limeshapita nusu ya ada.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo cha ukubwa uliotajiwa. Ada iliyotangazwa ni dola 52,000, punguzo ni asilimia 58, kwa hiyo kinachobaki ni dola 21,840. Ongeza chumba na chakula dola 14,000, jumla dola 35,840 kwa mwanafunzi. Bajeti ilipangwa kwa wapya 360, wakafika 330. Upungufu wa watu 30, ambao kwenye picha ya siku ya kuwapokea hauonekani kabisa, ni dola 1,075,200 kwa mwaka. Na hauishii hapo: kundi hilo dogo litakuwa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, kwa hiyo pengo hilo hilo linarudi kila bajeti hadi lihitimu. Hata ukihesabu wale ambao wangeacha njiani, unazungumzia takriban dola milioni 3.5.

Kishawishi kinachofuata ni kuongeza punguzo ili vitanda vijae. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukipandisha punguzo hadi asilimia 62 ukawapata wote 360, kila mmoja sasa analipa ada ya dola 19,760, na mapato yote ya kundi hilo, pamoja na chumba na chakula, ni dola 12,153,600. Wale 330 wa awali wangeleta dola 11,827,200. Umepata nyongeza ya dola 326,400, na humo ndani lazima uwalishe, uwalaze na uwafundishe watu 30 zaidi, kwa ahadi ya punguzo ambalo utalilipa miaka minne. Chuo kinachotangaza kwa furaha kwamba kimepata kundi kubwa kuliko yote katika historia yake kinaweza kuwa kimepata pia mapato madogo kwa kila mwanafunzi kuliko wakati wowote. Ukisikia sifa ya idadi, uliza mara moja mapato halisi ya ada, kwa dola, mwaka kwa mwaka. Kama idadi inapanda na mapato hayo yanalala, chuo kinanunua wanafunzi.

Mzigo huu hautapungua wenyewe. Idadi ya vijana wanaomaliza sekondari Marekani ilitabiriwa kufika kilele mwaka 2025 kisha kushuka, kwa sababu watoto waliozaliwa baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 ni wachache. Magharibi ya Kati na Kaskazini Mashariki, ambako vyuo hivi vimejazana, ni miongoni mwa maeneo ambako kushuka huko kunaumiza zaidi.

Sasa makaratasi. Baadhi unaweza kuyapata leo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Fomu namba 990, ambayo karibu kila taasisi isiyo ya faida hupeleka kwa mamlaka ya kodi, iko wazi kwa umma: inaonyesha mapato, matumizi, madeni na mishahara ya viongozi wa juu. Chukua za miaka mitano uzipange mezani kwa mfuatano. Tazama pia alama ya uimara wa kifedha inayotolewa na Wizara ya Elimu ya Marekani, inayoanzia hasi 1.0 hadi 3.0. Alama 1.5 na kuendelea ni salama. Kati ya 1.0 na 1.4 chuo kinaangaliwa kwa karibu. Chini ya hapo wizara hudai dhamana ya benki ndipo wanafunzi waendelee kupata misaada ya serikali. Ila usiichukulie alama hiyo kama cheti cha afya. Inaangalia hesabu za nyuma, na chuo kinaweza kuwa na alama nzuri huku fedha taslimu zikikauka. Barua za chombo cha ithibati, kinachothibitisha ubora wa chuo, nazo husomwa: neno "onyo" au "majaribio" kuhusu fedha si jambo la kupita haraka.

Mengine huyapati mpaka uwe mmoja wa watu wawili au watatu wa mwisho, na hapo usione haya kuyadai. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano pamoja na barua ya mkaguzi kwa uongozi, kwa sababu barua hiyo ndiyo inayotaja udhaifu. Omba mwenendo wa fedha taslimu mwezi kwa mwezi kwa miezi 24, ujue kama chuo kinakopa benki kila majira ya kiangazi ili kilipe mishahara kabla ada za vuli hazijaingia. Omba masharti ya hatifungani na mikopo: mengi yanasema fedha taslimu zisishuke chini ya kiwango fulani, na kiwango kikivunjwa benki ina haki ya kudai deni lote. Omba orodha ya majengo na gharama ya matengenezo yaliyoahirishwa. Paa na mabomba ya mvuke yamewashinda marais wengi ambao walidhani shida yao itakuwa maprofesa.

Kuhusu wakfu, usiulize tu una shilingi ngapi. Uliza sehemu gani imefungwa na masharti ya waliotoa. Wakfu wa dola milioni 90 ambao asilimia 60 ni kwa ajili ya tuzo za muziki na kiti cha profesa wa Kilatini haukusaidii kulipa umeme. Kisha uliza chuo kinachota kiasi gani kwa mwaka. Desturi ya busara ni asilimia 4.5 hadi 5 ya wastani wa thamani ya robo mwaka 12 zilizopita. Kwa wakfu huo ni kama dola milioni 4 hadi 4.5. Ukikuta wanachota asilimia 8, ni dola milioni 7.2, na kwa mapato ya kawaida ya uwekezaji ukitoa mfumuko wa bei, wanakula mbegu.

Angalia kilichokipata Birmingham-Southern kule Alabama, chuo kilichoanza 1856. Kilijenga sana kwa mikopo kabla ya msukosuko wa 2008. Mwaka 2010 likagundulika kosa la kihesabu katika misaada ya wanafunzi, lililokuwa limeficha nakisi kwa miaka. Wakfu ukachotwa kuziba mapengo. Mwishowe kikaomba mkopo wa dola milioni 30 chini ya sheria ya jimbo ya 2023. Mweka hazina wa jimbo akaukataa, na tarehe 31 Mei 2024 kikafunga milango. Siku hiyo hiyo timu yao ya besiboli ilikuwa inaanza kucheza fainali za taifa za daraja la tatu. Chuo hufa hivyo, hata pale ambapo moyo wake bado unadunda. Marais waliokuja baada ya 2010 walirithi shimo lililochimbwa zamani, na nguvu ya maombi yao kwa wafadhili haikulitosha.

Sasa njia. Zamani ilinyooka: profesa, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, provosti ambaye ndiye mkuu wa taaluma, kisha rais. Bado ndiyo njia yenye watu wengi, ingawa siku hizi bodi huchukua pia wakuu wa uchangishaji, wanasheria na watu wa fedha. Wewe ni naibu, si provosti, kwa hiyo kuna ngazi moja hukuipanda. Haikuzuii, lakini kamati itakupima kwa mambo matatu ambayo maabara haifundishi. Umewahi kusimamia bajeti ikakulazimu kumnyima mtu unayemheshimu? Umewahi kukaa mbele ya mtu ukamwomba dola 250,000 kwa mdomo wako mwenyewe? Umewahi kufanya kazi na wajumbe wa bodi, nje ya kuwasilisha taarifa ya dakika kumi? Pale jibu ni hapana, pana kazi ya mwaka au miwili. Kuna programu ya American Council on Education, muungano wa vyuo vya Marekani, ya kuwaandaa viongozi, iliyoanza 1965, ambayo humweka mtu chini ya rais wa chuo kingine ajifunze kwa macho. Hata bila hiyo, mwombe rais wako wa sasa uingie kwenye kamati ya fedha ya bodi na ufuatane na watu wa uchangishaji safari tatu au nne. Rais mwema hakatai.

Mchakato wenyewe huchukua miezi sita hadi tisa, ili anayechaguliwa aanze 1 Julai. Bodi ya wadhamini huunda kamati ya watu 12 hadi 16: wajumbe wa bodi, maprofesa watatu au wanne, wafanyakazi, wahitimu, mwanafunzi mmoja au wawili. Kampuni iliyokupigia simu inalipwa na chuo, kwa kawaida karibu theluthi ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa rais. Mtu huyo ana adabu na ana taarifa, lakini mteja wake ni bodi. Utatakiwa barua ya kurasa tatu hadi tano, wasifu wa kazi, na majina matano ya watu wa kukushuhudia ambao hawapigiwi simu bila idhini yako. Barua hiyo ndiyo inayochuja. Wasomi wengi huandika ya kujieleza wao, machapisho na tuzo. Kamati inataka kuona kwamba umesoma habari za chuo chao na unajua kinachowanyima usingizi.

Wanane hadi kumi na wawili huitwa kwa mahojiano ya siri ya dakika 75 hadi 90, mara nyingi hotelini karibu na uwanja wa ndege au kwa video. Wawili hadi wanne huenda mbele. Hapa uliza mapema: je, watu wa mwisho wanatangazwa hadharani? Wakitangazwa, rais wako na wenzako watajua unaondoka, na usipopata utarudi kufanya kazi na watu waliokwisha kukuaga moyoni. Mwambie rais wako kabla gazeti halijamwambia.

Ukipewa, mkataba usiusaini bila mwanasheria wako mwenyewe, anayejua mikataba ya vyuo. Muda wa kawaida ni miaka mitatu hadi mitano. Hoja tatu ni za kusimamia kwa nguvu. Ya kwanza, haki ya kurudi kuwa profesa wa kemia mwenye ajira ya kudumu urais ukiisha, na mshahara wa wakati huo uandikwe. Ya pili, tofauti kati ya kuachishwa kwa kosa na kuachishwa bila kosa, na kila moja inalipwa nini. Maneno ya jumla kama "kuharibu sifa ya chuo" yafafanuliwe, maana yasipofafanuliwa yanambeba yeyote. Ya tatu, tathmini ya kila mwaka kwa malengo yaliyoandikwa. Kama utapewa nyumba ya chuo, mkataba useme wazi kwamba kuishi humo ndani ya eneo la chuo ni sharti la kazi na ni kwa manufaa ya chuo. Bila hivyo thamani ya nyumba huweza kuhesabiwa kama mshahara ukatozwa kodi. Na mzungumze nyumbani, wewe na mwenzako. Wageni wa chakula cha jioni watakuwa wengi, na bodi huwa na matarajio juu ya mwenzi wa rais ambayo hayaandikwi popote. Yaandikeni.

Mshahara ni mzuri, lakini muda ni mfupi. Utafiti wa American Council on Education ulionyesha kwamba marais wa vyuo vya Marekani walikuwa wamekaa wastani wa miaka 8.5 kwenye kiti mwaka 2006. Ulipofika 2022 ilikuwa 5.9.

Sasa kazi. Wiki ya rais wa chuo kidogo haifanani na ya provosti. Asilimia 40 hata 50 ya muda wako itakuwa kwa wafadhili, na sehemu kubwa ni safarini. Zawadi kubwa haiombwi siku ya kwanza. Mhitimu huonwa mara tatu hadi tano kwa mwaka mmoja au miwili, anasikilizwa anachokipenda, ndipo anaombwa kiasi mahususi kwa kazi mahususi. Taja kiasi, kisha nyamaza. Wanaoshindwa hapa ni wale ambao, kwa aibu, hujaza ukimya kwa kupunguza namba yao wenyewe kabla mfadhili hajafungua mdomo. Kampeni kubwa nayo haitangazwi mpaka nusu au zaidi ya lengo iwe imeshaahidiwa kimya kimya. Ikitangazwa mapema, ikikwama, inakwama mbele ya watu.

Bodi ni jambo la pili, nami ningekutaka uliweke juu kuliko marais wengi wanavyoliweka. Ina watu 25 hadi 35, wengi ni wahitimu wanaokipenda chuo cha ujana wao. Wanakutana mara tatu kwa mwaka. Mwenyekiti ndiye bosi wako halisi: zungumza naye kila wiki, siku moja, saa moja, hata kama hakuna jipya. Asisikie habari mbaya kwa mtu mwingine. Hatari ninayoiona ikipuuzwa ni kubadilika kwa mwenyekiti. Aliyekuajiri anajua alikubaliana nawe nini. Anayemfuata hajui, na huenda hata hakukupigia kura. Marais wengi wanaoondoka ghafla mwaka wa tatu au wa nne huondoka baada ya mabadiliko hayo. Kabla hujakubali kazi, uliza mwenyekiti anamaliza lini na nani atamrithi, kisha omba kuzungumza na huyo mrithi.

Maprofesa unawajua, u mmoja wao, na hapo ndipo mtego ulipo. Watakutarajia uwe sauti yao kwenye bodi, na bodi itakutarajia uwe mkono wake kwa maprofesa. Tamko la 1966 kuhusu uendeshaji wa vyuo, ambalo chama cha maprofesa cha AAUP kililiandaa pamoja na American Council on Education na chama cha bodi za vyuo, linasema mitaala na ufundishaji ni wajibu wa msingi wa walimu, na mgawo wa fedha ni jukumu rasmi la bodi, rais na walimu nao wakiwa na sehemu yao. Rais anasimama kwenye mpaka huo kila siku. Fungua hesabu zote kwa kamati ya bajeti ya maprofesa mwaka wa kwanza kabla hujahitaji kukata kitu. Ukifungua daftari siku unayotangaza kupunguza watu, hata namba za kweli zitaonekana za uongo.

Na ukilazimika kukata, jua hesabu yake. Kufuta somo lenye wanafunzi wachache huokoa kidogo kuliko makadirio ya karatasi. Profesa mwenye ajira ya kudumu anastahili taarifa ya angalau mwaka mmoja au malipo yake. Wanafunzi waliokwisha kuanza lazima wafundishwe hadi wamalize. Akiba halisi huonekana mwaka wa tatu, wakati hasira huonekana wiki ile ile. Kosa jingine la aina hii ni kuanzisha shahada mpya kwa matarajio ya kupendeza. Programu mpya hutumia fedha miaka miwili kabla ya kuleta mwanafunzi, na mara nyingi wanaoingia humo ni wale wale ambao wangekuja chuoni kusoma kitu kingine. Uliza wangapi ni wa nyongeza kweli. Lakini jambo jipya lililofikiriwa vizuri huweza kukibadili chuo: Ruth Simmons, rais wa Smith kati ya 1995 na 2001, alisimamia kuanzishwa kwa uhandisi katika chuo cha wanawake cha sanaa huria, jambo lisilokuwepo katika chuo chochote cha wanawake Marekani.

Mfano ninaotaka usome kwa kina ni Sweet Briar, chuo cha wanawake kule Virginia. Tarehe 3 Machi 2015 rais na bodi walitangaza kwamba chuo kitafungwa kiangazi hicho. Wafanyakazi, wanafunzi na wahitimu walishtukizwa wote. Chuo kilikuwa na wakfu wa zaidi ya dola milioni 80, ila sehemu kubwa ilikuwa imefungwa na masharti, na wanafunzi walikuwa wakipungua. Kwa hesabu peke yake, hoja ya bodi haikuwa ya upuuzi. Lakini hawakuwahi kuwaambia wahitimu wazi: tunakufa, tusaidieni. Wahitimu wakaunda umoja, wakaajiri mawakili, mwanasheria wa serikali ya wilaya akaenda mahakamani akidai wosia ulioanzisha chuo unavunjwa. Juni ikaletwa suluhu chini ya mwanasheria mkuu wa Virginia: wahitimu watoe dola milioni 12, milioni 16 za wakfu zifunguliwe, wajumbe wengi wa bodi waondoke, rais mpya aingie Julai. Kikafunguliwa vuli ile ile. Mwaka 2017 rais Meredith Woo akaja na kushusha bei ya ada, chumba na chakula kutoka takriban dola 50,000 hadi 34,000, yaani bei iliyokaribia kile ambacho watu walikuwa wakilipa tayari baada ya punguzo, pamoja na mtaala wa msingi uliobuniwa upya.

Kushusha bei hakukiokoi kila chuo. Kukifanyika peke yake, bila kitu kipya cha kumvuta mwanafunzi, mapato hushuka na habari husahaulika baada ya mwaka mmoja. Cha kushika ni kile cha wahitimu. Fedha zile zilikuwepo mifukoni mwao tangu awali. Upande wa pili kuna Mount Ida karibu na Boston, kilichotangaza Aprili 2018 kwamba kinafungwa, kikafungwa mwezi uliofuata, wanafunzi wakiwa hawajui watamalizia wapi. Jimbo hilo la Massachusetts lilitunga sheria mwaka 2019 ya kukagua hali ya fedha za vyuo mapema kwa sababu hiyo. Kama chuo utakachokipokea hakiwezi kuponyeka, wajibu wako wa kwanza ni wanafunzi waliomo, na wanahitaji mwaka mzima wa taarifa, pamoja na mikataba na vyuo vingine vya kuwapokea bila kupoteza masomo waliyokwisha kufaulu.

Umeogopa pia, nadhani, kwa jambo ambalo hukuliandika: lafudhi, jina, na kuwaomba fedha wazee wa mji mdogo wa Magharibi ya Kati. Vyuo hivi vina historia na sisi watu wa Afrika Mashariki ambayo wao wenyewe wakati mwingine wameisahau, nawe unaweza kuwakumbusha. Gikonyo Kiano, aliyekuja kuwa waziri wa Kenya, alisoma Antioch kule Ohio. Wangari Maathai alihitimu 1964 katika chuo kidogo cha watawa cha Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas. Ndege ya Tom Mboya ya Septemba 1959 ilibeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, na vyuo vilivyowafungulia milango vilikuwa vingi vya aina hii hii. Na Antioch chenyewe kilifungwa 2008, wahitimu wakakinunua, kikafunguliwa tena 2011. Mfadhili mwenye miaka 80 huenda alikaa bweni moja na kijana aliyetoka Nyeri au Moshi. Muulize.

Kwa sasa, Mwalimu, mrudishie simu mtu wa kampuni ile wiki hii. Usimpe ndiyo wala hapana. Muulize rais anayeondoka alikaa miaka mingapi na kwa nini anaondoka. Mwenyekiti wa bodi anamaliza lini. Na mapato halisi ya ada yalikuwa kiasi gani kila mwaka tangu 2019. Kama la tatu hana, mwambie utasubiri alipate kwa bodi. Huku ukisubiri, shusha fomu 990 tano za mwisho za chuo hicho, keti nazo jioni moja na kalamu, na uzungushie duara kila namba inayoshuka miaka mitatu mfululizo.